Arubaini ya diwani wetu Likoni: ya 1997 tuyataje au tunyamaze?

Katibu_Timbwani

Assalaam alaykum, na wasio Waislamu hamjambo. Naomba ushauri, hasa kwa nyinyi wakubwa wa ng'ambo hii ya feri.

Mzee wetu aliyekuwa diwani enzi za manispaa, kabla ya kaunti kuja 2013, alitutoka mwezi uliopita. Arubaini yake yakaribia. Familia wameshapanga: khitma msikitini baada ya alasiri, wanawake wasome nyumbani, pilau, basi. Hapo hatuna neno. Lakini vijana wa timu, akina mama wa samaki, watu wa kanisa na wachukuzi wa feri wote wauliza, na sisi tutamkumbukia wapi? Ndipo tukaunda kamati, mimi nikapachikwa ukatibu, tukaomba tufanye baraza asubuhi ya siku hiyo hiyo, pale uwanjani. Familia wamekubali shingo upande.

Sasa nina mawili. Waheshimiwa kwanza. Uchaguzi ni 2027, na tayari mmoja ajitolea hema na viti, mwengine spika.

La pili ndilo lanikosesha usingizi. Usiku ule wa Agosti 13, 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa na watu wa bara wakaanza kuwindwa, mzee alifungia majirani zake wa bara ndani ya nyumba yake, akaketi mlangoni na bakora. Mtaa mzima walijua hili na hakuna anayelisema kwa sauti. Mwanawe mkubwa kaniambia, "Hilo msiliguse." Namwelewa. Baadhi ya waliogonga mlango ule twasali nao safu moja mpaka leo. Lakini ukiliruka hilo, utakuwa umemkumbuka nani? Tusimame tuseme alituletea bomba la maji, tuketi?

Baharia_Mstaafu

Waalaykum salaam mwanangu, poleni sana. Inna lillahi.

Nianze na hema. Likataeni leo, kwa adabu, kabla halijapakiwa kwenye lori. Hema la mheshimiwa huja na picha yake ubavuni, na mwenye hema humwezi kumnyima maikrofoni. Tandikeni mikeka. Pasiwe na meza kuu, wala "wageni waalikwa" kwenye ratiba. Atakayekuja aketi mkekani pamoja na muuza mbaazi, akisikiliza. Anayeendesha baraza awe maalimu mstaafu, mtu asiyetaka kura wala tenda, na maikrofoni isitoke mkononi mwake. Msemaji asogezewe mdomoni. Nimeona maikrofoni ikipokonywa makaburini, bado maiti hajafukiwa vizuri.

Pelekeni barua kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, pia. Sheria yataka mkutano wa hadhara uarifiwe polisi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Mkutano wa dini au wa kijamii hauhesabiwi humo, lakini mwanasiasa akitokea na wafuasi wake, utashukuru una nakala iliyopigwa muhuri.

Mimi mzee namkumbuka kwa Mtongwe. Aprili 29, 1994, feri ilipopinduka pale na watu 272 wakafa, yeye alishinda ufuoni na daftari la shule, la mistari, akiandika nani amtafuta nani. Watu walikuwa wakikimbia huku na huku, hawajui wamuulize nani. Hakuwa mpiga mbizi, hata kuogelea sidhani alijua. Aliandika tu. Jina, nguo alizovaa, kazi aliyokuwa akienda. Jioni watu walikuwa wamempangia foleni yeye, si wale wenye sare.

Ama hilo la 1997, mwenye maiti ni familia. Yaliyohitaji majina yalikuwa na mahali pake. Palikuwa na tume ya Jaji Akiwumi ya kuchunguza machafuko ya kikabila, ripoti yake ikatolewa hadharani 2002. Arubaini si tume. Rai yangu ni kwamba yasemwe aliyoyafanya mzee, waliogonga mlango wasitajwe hata kwa fumbo. Fumbo ndilo baya zaidi, kila mtu hulijaza na jina lake. Lakini mumuombe mwanawe ruhusa. Msimvizie.

Mja_wa_Bofu

Na hiyo arubaini yenyewe imetoka wapi katika sunna? Pesa za pilau chimbeni kisima, iwe sadakatul jariya.

Baharia_Mstaafu

Maneno hayo, ami yangu, yalikuwapo kabla hatujazaliwa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akizikemea bid'a katika gazeti lake la Al-Islah tangu 1932, na Mombasa ikabaki na wanaosoma khitma na wasiosoma. Kisima ni kizuri. Lete jembe, sisi twaleta sufuria.

Mama_wa_Kanisani

Nimeisoma hii mara mbili kabla ya kuandika. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba hiyo.

Nilikuja Likoni kutoka Machakos nikiwa nimeolewa na fundi wa mbao. Mzee alikaa mlangoni, ni kweli. Lakini nyote mwataja bakora ya mzee, hakuna anayemtaja mkewe. Aliyetupikia uji gizani bila kuwasha taa ni yeye. Aliyenivika buibui lake, akambeba mwanangu kama wa kwake tukitoka kwenda Kanisa Katoliki, walikokimbilia maelfu, ni yeye. Mzee alitangulia mbele na kanzu na kofia, akiwasalimia watu njiani kana kwamba twaenda harusini. Huyo mwanawe mkubwa alikuwa kijana mdogo, alilala ukumbini kutuachia chumba. Sijui kama yeye akumbuka kwamba nakumbuka.

Katibu, usiniombee ruhusa. Nitamwendea mimi. Akikataa nitanyamaza, na sitamlaumu.

Katibu_Timbwani

Asanteni. Mama alikwenda, nami nikafuatana naye. Mwana alisikiliza, akainama, hakujibu. Aliyejibu ni mamake, kutoka chumbani. "Mwacheni mwenzangu aseme. Na mimi nataka kusikia."

Kumbe hapo kamati nzima tulikuwa tumelala. Mjane yuko edani, miezi minne na siku kumi, hatoki. Baraza la uwanjani angelisikia kwa kusimuliwa.

Kwa hivyo tumelihamisha. Litakuwa mbele ya nyumba, kibarazani na kwenye kile kichochoro, dirisha lake likiwa wazi. Pale hema haliingii hata ukilikunja, nimeshampigia mwenye hema kumshukuru. Mama atasema wa kwanza, bila jina la mtu yeyote. Kisha wa Mtongwe, Mzee Baharia, hilo la daftari ni lako na huna pa kukimbilia. Vijana wa timu watafuata, halafu dua.

Wa kisiwani vukeni mapema, kabla ya saa tatu. Mwenye mkeka aje nao. Wa kahawa ameahidi madele mawili, halua bado twatafuta wa kuitoa.