Maneno ya Kijerumani yanayokimbia ukanushi (ziemlich, durchaus, bereits): jaribio lipangweje?

Kielezi_Huru

Wadau wa isimu, habari za leo.

Napanga jaribio la kupima jinsi Wajerumani wanavyoyakubali au kuyakataa maneno ya upolari chanya, yaani yale yanayogoma kukaa chini ya kikanushi. Kwa wageni wa mada hii: Kiswahili kina kamwe, katu na asilani, ambayo bila kitenzi cha kukanusha hayasimami. Huwezi kusema "alikuja kamwe". Ninayoyatafuta mimi ni kinyume cha hayo. *Der Film war ziemlich spannend* (filamu ilisisimua kiasi chake) ni sentensi safi, lakini ukitia kikanushi nicht, *Der Film war nicht ziemlich spannend*, Mjerumani anasita.

Mpango wangu: maneno matano, yaani ziemlich, recht, ganz, durchaus na schon. Kila neno sentensi nane, na kila sentensi ina sura mbili, yenye nicht na isiyo na nicht. Jumla 80. Washiriki 20 waliokua na Kijerumani tangu utotoni, kila mmoja anasoma zote 80 na kuzipa alama 1 hadi 7. Halafu nalinganisha wastani wa zenye nicht na wa zisizo nayo kwa jaribio la t.

Nikosoeni kabla sijaanza kukusanya data.

---

Upeo_na_Kikanushi

Mkuu, umefanya vizuri kuuliza mapema, kwa sababu kwa mpango huu hata matokeo yakitoka mazuri hayatakuwa na maana. Kasoro kubwa ni moja, nyingine ni za kurekebisha tu.

Kasoro kubwa: huna neno la kulinganishia. Sentensi yenye ukanushi, ikitolewa peke yake bila muktadha, mara nyingi hupata alama za chini kuliko ya kuyakinisha, hata kama haina neno lolote gumu. Anayeambiwa ghafla "filamu haikusisimua" hujiuliza nani alisema ilisisimua. Kwa hiyo ukikuta *nicht ziemlich* iko chini ya *ziemlich*, hujui kama tatizo ni ziemlich au ni nicht yenyewe. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba ziemlich inaporomoka chini ya nicht zaidi ya neno lisilo na upande. Ushahidi wako uko kwenye mwingiliano wa neno na ukanushi. Tofauti ya safu mbili peke yake haikufikishi huko.

Bahati nzuri Kijerumani kimekupa utatu mzuri sana:

*Der Film war (nicht) ziemlich spannend.*
*Der Film war (nicht) sehr spannend.*
*Der Film war (nicht) sonderlich spannend.*

Sehr (sana) inakaa pande zote mbili. Ziemlich inataka kuyakinisha. Sonderlich (hasa, sana) inataka kukanusha. *Der Film war sonderlich spannend* ni mbovu, lakini *nicht sonderlich spannend* ni maneno ya kila siku. Ukichora grafu, mstari wa ziemlich unashuka, wa sonderlich unapanda, na wa sehr ndio unaokuonyesha gharama ya nicht peke yake.

Hiyo ni 3 × 2, hali sita. Andika seti 36 (seti ni sentensi moja katika hali zote sita), na kila seti iwe na kivumishi chake chenye daraja, yaani kinachokubali zaidi au kidogo: spannend (ya kusisimua), teuer (ghali), müde (-chovu), laut (yenye kelele). Usiweke tot (mfu) wala schwanger (mjamzito), maana hapo ziemlich inakataliwa kwa sababu nyingine kabisa. Zigawe kwa mraba wa Kilatini katika orodha sita, ili mshiriki aone kila seti mara moja tu, katika hali moja. Kwa mpango wako wa sasa mtu anaona sentensi ileile mara mbili, na akifika sentensi ya kumi ameshajua unachowinda. Kuanzia hapo anakupa alama za kanuni aliyojitungia mwenyewe.

Watu 48, yaani wanane kwa kila orodha, watakupa alama 288 kwa kila hali. Ongeza vijazo 72, yaani sentensi za kuficha lengo: theluthi safi, theluthi mbovu waziwazi (mpangilio wa maneno uliovurugika, kitenzi kisichopatana na kiima), theluthi ya katikati. Nusu ya vijazo viwe na nicht, kein au niemand, la sivyo nicht yenyewe inakuwa kengele. Sentensi 108 kwa sekunde kumi na mbili kila moja ni kama dakika 22. Ukizidisha hapo watu wanabonyeza tu.

Kila sentensi itanguliwe na moja ya muktadha, kwa mfano *Am Samstag waren wir im Kino* (Jumamosi tulikwenda sinema). Ila muktadha huo usiwe na ziemlich ndani yake. Mtu akisema *Der Film war ziemlich spannend* na mwenzake akajibu *Nein, der war nicht ziemlich spannend, der war großartig!* (hapana, si kiasi, ilikuwa bora sana!), sentensi inapona, kwa sababu hapo kinachokataliwa ni neno alilolichagua mwenzake. Kwa sababu hiyohiyo usiweke *sondern* (bali) popote katika sentensi za jaribio.

---

Korpasi_Kwanza

Naongeza kuhusu orodha yako ya maneno, maana matatu kati ya matano yatakuumiza.

Ganz. Lina maana mbili, na katika matamshi zinatenganishwa na mkazo. *Ganz gut* bila mkazo kwenye ganz ni "nzuri kiasi", na hiyo ndiyo inayokimbia ukanushi. Lakini ganz yenye maana ya "kabisa" inakaa chini ya nicht bila shida: *Das Glas ist nicht ganz voll*, glasi haijajaa kabisa. Kwenye maandishi msomaji atachagua ile maana inayopona, na alama zitapanda.

Recht. *Recht gut* ni ya upolari chanya, sawa. Ila kuna *Ich weiß nicht recht* (sijui vizuri) na *so recht*, ambayo yenyewe inapenda ukanushi. Neno moja, tabia mbili zinazopingana.

Schon. Hili ndilo baya kuliko yote. Ni "tayari", ni kipashio cha kutuliza moyo (*das wird schon klappen*, mambo yatakaa sawa), na ni la kukubali shingo upande. Tena *nicht schon wieder!* ni msemo uliokwisha kuganda. Ukitaka maana ya "tayari" peke yake tumia bereits.

Durchaus (hakika) libaki, ila angalia nafasi yake. *Das ist durchaus nicht schlecht* (hakika si mbaya) ni Kijerumani safi kabisa, kwa sababu durchaus ipo juu ya nicht. Kibaya ni *nicht durchaus*. Neno halichukii kukaa sentensi moja na nicht. Linachukia kuwa ndani ya upeo wa nicht, yaani eneo linalokanushwa. Anayehesabu kwenye korpasi (hazina ya maandishi halisi) sentensi zote zenye maneno hayo mawili bila kuangalia mpangilio atasema durchaus haina shida na ukanushi, na atakuwa amepotea. Leider (kwa bahati mbaya) ni hivyohivyo: *Er ist leider nicht gekommen* (kwa bahati mbaya hakuja) sawa, *Er ist nicht leider gekommen* hapana.

Kabla hujaandika seti yoyote, pitia DeReKo, korpasi ya Kijerumani ya taasisi ya lugha ya IDS, Mannheim, kwa lugha ya kutafutia ya COSMAS II. Andika `nicht /+w1 ziemlich` (ziemlich mara tu baada ya nicht) usome mistari mmoja mmoja. Utakutana na maswali ya aina ya *Ist das nicht ziemlich teuer?* Hapo nicht haikanushi kitu, msemaji anaamini ni ghali na anataka uungwaji mkono, kama sisi tunavyosema "si ghali hiyo?" Kwa hiyo maswali yote yakae nje ya jaribio. Kwa kuchagua maneno mengine kuna mkusanyo wa CoDII uliotengenezwa Tübingen, wenye sehemu ya Kijerumani ya upolari hasi na ya upolari chanya. Na Mingya Liu na Jan-Philipp Soehn walichapisha mwaka 2009 kazi ya kupima maneno haya haya ya Kijerumani, ianze hiyo.

---

Sekunde_Elfu

Nakubaliana na waliotangulia, isipokuwa sehr isiachwe peke yake kama kipimo. *Nicht sehr gut* mara nyingi husomwa kama njia ya adabu ya kusema "mbaya", na usomaji huo unaweza kuipandisha au kuishusha kwa baadhi ya vivumishi. Weka extrem katika seti chache za majaribio ya awali uone kama inakwenda sambamba na sehr. Zikiachana, rekebisha vivumishi kwanza.

Ukifika hatua ya kupima muda wa kusoma, neno kwa neno, mambo mawili. Sehr ina herufi nne, ziemlich nane, sonderlich kumi. Usilinganishe muda wa maneno hayo yenyewe. Linganisha kivumishi kinachofuata, ambacho ni kilekile katika hali zote, na maneno mawili baada yake, kwa sababu mkwamo huchelewa kuonekana. Hivyo sentensi isiishie kwenye kivumishi. Endeleza: *… spannend für die Kinder im Saal* (… kwa watoto ukumbini).

Pili, hamisha kikanushi kiende mbali na neno. Heiner Drenhaus, Douglas Saddy na Stefan Frisch walitumia muundo wenye kishazi cha urejeshi, na unafaa sana hapa:

*Kein Mann, der einen Bart hatte, war durchaus glücklich.*
*Ein Mann, der keinen Bart hatte, war durchaus glücklich.*

Zote zina kikanushi kabla ya durchaus. Ya kwanza (hakuna mwanamume mwenye ndevu aliyekuwa…) ni mbovu, maana kein iko juu ya durchaus. Ya pili (mwanamume asiye na ndevu alikuwa…) ni safi, kwa sababu keinen imefungiwa ndani ya kishazi. Na maneno *hatte, war* yanayoitangulia durchaus ni yaleyale, kwa hiyo tofauti ya muda huwezi kuisingizia nicht iliyokaa jirani.

Timu hiyohiyo, katika makala ya 2004 ya mawimbi ya ubongo, iliona kitu cha kufikirisha: maneno ya upolari hasi na chanya yakiwekwa pasipostahili, yote huleta N400 (wimbi linalohusishwa na ugumu wa maana), lakini yale ya upolari chanya huongeza P600 (wimbi la baadaye, linalohusishwa na kuchambua sentensi upya). Kama ingekuwa kanuni moja iliyogeuzwa tu, tungetarajia sura moja. Binafsi naona hiyo ndiyo sababu bora ya kuweka sonderlich na ziemlich katika jaribio moja.

---

Kielezi_Huru

Nashukuruni sana. Nimebadilisha: jaribio la kwanza ni ziemlich/sehr/sonderlich, seti 36, vijazo 72, watu 48. La pili ni durchaus kwa kishazi cha urejeshi. Ganz, recht na schon nimeyatoa.

Nimebakiwa na bereits. Nimeiona katika barua za ofisini chini ya nicht: *sofern nicht bereits geschehen*. Hiyo haivunji hoja nzima? Na uchambuzi, kama jaribio la t halifai, nitumie nini?

---

Upeo_na_Kikanushi

Haivunji, inaijenga. *Sofern nicht bereits geschehen* ni "ikiwa halijafanyika tayari", na sofern ni neno la masharti. Maneno haya yakiwa chini ya kikanushi, na kikanushi chenyewe kikiwa ndani ya sharti, yanaokoka. Mwanaisimu Anna Szabolcsi alilieleza jambo hili kwa undani mwaka 2004. Ndivyo ilivyo pia kwa *Es überrascht mich, dass er nicht bereits gegangen ist*, nashangaa kwamba hajaondoka mpaka sasa. Ondoa mshangao, ubaki na *Er ist nicht bereits gegangen*, sentensi inakwama tena. Ukiweka hali tatu (kuyakinisha, kukanusha, kukanusha ndani ya sharti) na alama zikashuka kisha zikapanda, una dalili nzuri kwamba ni upolari. Sentensi iliyo mbovu kwa sababu ya ugumu tu haiponi kwa kurefushwa.

Ila kwa bereits kuna mshindani. Kijerumani tayari kina *noch nicht*, kama sisi tulivyo na "bado". Sisi tunasema "ameshafika" na kinyume chake ni "hajafika" au "bado hajafika". -Mesha- haivai kikanushi hata kidogo. Inawezekana *nicht bereits* inashuka kwa sababu tu msomaji anasikia *noch nicht* ndiyo iliyopaswa kuwa pale. Ongeza hali yenye *noch nicht* katika seti za bereits, na usiripoti bereits na ziemlich katika wastani mmoja.

Uchambuzi: alama 1–7 ni ngazi, si sentimita. Umbali wa 2 na 3 si lazima ulingane na wa 5 na 6. Tumia modeli ya ordinali, yaani ya data za ngazi, kwa mfano katika R, programu ya takwimu:

`clmm(alama ~ neno * ukanushi + (1 + ukanushi | mtu) + (1 + ukanushi | seti))`

`alama` iwe faktari yenye mpangilio, ukanushi uwe −0.5 na +0.5, na sehr iwe kiwango cha msingi cha `neno`. Unachokisoma ni mistari miwili ya mwingiliano. Modeli ikigoma kutulia, punguza kwanza mteremko wa seti (`ukanushi` kwenye mabano ya `seti`), wa mtu uuache mpaka mwisho.

---

Sekunde_Elfu

Moja la kiufundi, kama utatumia PCIbex, mfumo wa kuendesha majaribio mtandaoni: kihesabu cha orodha kwa kawaida husogea mshiriki anapomaliza. Ukifungua jaribio na watu thelathini wakaingia ndani ya dakika tano, karibu wote watapata orodha namba moja. Weka `SetCounter("hesabu", "inc", 1)` na uanze `Sequence` kwa "hesabu", ili kisogee mtu anapoingia. Halafu fungua nafasi 12 kwanza, pakua matokeo, hesabu wangapi wamepata kila orodha, ndipo uachie zilizobaki. Wanaoacha katikati watakuwepo, kwa hiyo mwishoni jazia orodha zilizopungua kwa kumpa mshiriki kiungo chenye `?withsquare=` na namba ya orodha.