Tupeane uzoefu: saa 15 angani, kutoka Nairobi hadi New York

Mwana wa Thika: Mama yangu, mwenye miaka 71, anakwenda New York kumwona mjukuu, na hajawahi kupanda ndege. Safari ya moja kwa moja, iliyoanza Oktoba 2018, ni ya kilomita zipatazo 11,800. Kwenda ni saa 15 hivi na kurudi ni 14, kwa kuwa pepo za juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege inaporejea. Mliopita njia hii, naomba mnieleze.

Bi Lamu: Umenikumbusha swala yangu ya alfajiri. Tuliondoka karibu saa sita usiku tukaelekea magharibi, usiku nao ukawa unakwenda nasi. Saa yangu ya mkononi ilipofika kumi na mbili asubuhi nilichungulia dirishani nikaona giza totoro. Nilivuta tasbihi mpaka weupe ulipojitokeza, na kwetu ilikuwa inakaribia saa saba mchana. Mwambie mama asiogope.

Fundi Embakasi: Usiku una sababu yake. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya mchana wenye joto huipa shida ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 kuinuka.

Baba Nakuru: Mimi usiku huo uliniponza. Mwaka 2019 nilikuwa nikienda mahafali ya binti yangu kwa ndege ya kupitia Ulaya, na tiketi iliandikwa 00:20, Jumanne. Jumanne mchana ndugu walikuja, tukala, tukaombewa, tukafika uwanjani saa tatu usiku. Yule dada wa kaunta aliigeuza karatasi upande wangu, akaweka kalamu chini ya tarehe, akasema kwa upole, “Baba, ndege hii iliondoka jana usiku.” Nilinunua tiketi nyingine kwa fedha ya kukopa na nikafika sherehe imekwisha. Binti yangu alinipokea akiwa bado amevaa joho, kwa kuwa hakutaka nikose kumwona nalo.

Mama Kitale: Pole sana, baba. Hata sisi nusura tuachwe hivyo hivyo.

Bi Lamu: Kwa hesabu ya wazee wetu siku huanza jua likichwa, na usiku wa Jumanne hutangulia mchana wake. Ungehesabu hivyo usingeachwa.

Baba Nakuru: Bi, sisi wa bara hatukulelewa na hesabu hiyo. Waandike “usiku wa kuamkia Jumanne”, kila mtu ataelewa.

Mama Kitale: Dawa zake zikae kwenye mkoba wa mkononi, na asimame kila baada ya muda ili miguu isivimbe. Akifika asilale mpaka usiku wa huko.

Fundi Embakasi: Mwacheni mama alale anapotaka, miaka 71 si mchezo.

Mwana wa Thika: Nimeifungua tiketi ya mama sasa hivi. Imeandikwa 00:45, Ijumaa, nami nilikuwa nimekodi gari la Ijumaa jioni. Nimempigia dereva, atakuja Alhamisi saa kumi na moja.