Msingi wa hekalu la Salt Lake ulipasuka kwa sababu gani?

FundiShangani (Mtwara)
Wakuu, habari za jioni. Vijana wa uashi hapa Mtwara wanatengeneza mfano wa hekalu la Wamormoni la Salt Lake City, Marekani, skeli 1 kwa 100. Picha tunazo, ila picha haikuonyeshi kilichomo ndani ya ukuta. Naomba wenye ujuzi wanisaidie. Ukuta una unene gani chini, na gani juu? Ni kweli msingi wa kwanza ulipata nyufa, na kosa lilikuwa la jiwe au la fundi? Tena nasikia siku hizi limekalishwa juu ya mpira lisidhurike na tetemeko. Jengo la mawe lenye miaka mia na ushee unalitiaje mpira chini bila kulibomoa?

Timazi (Lindi)
Salama, fundi. Nianze na vipimo, maana hapo ndipo mifano mingi inapoharibika.

Urefu ni futi 186 na nusu, upana futi 118 na nusu. Kwenye skeli yenu inakuja sm 57 kwa sm 36. Minara ni sita, mitatu kila upande, na watu huichonga yote sawa. Hailingani. Mnara wa kati wa mashariki una futi 210, wa magharibi futi 204. Kwenu ni sm 64 na sm 62. Tofauti hiyo imekusudiwa: ukuhani wa Wamormoni una ngazi mbili, mashariki inasimama kwa ule wa Melkizedeki, magharibi kwa ule wa Haruni, na wa Melkizedeki ndio mkubwa.

Ukuta chini una futi 9 (m 2.7), ukifika juu umebaki futi 6 (m 1.8). Msingi wenyewe ni mpana zaidi, futi 16, karibu mita 5. Kwa hiyo msikate ubao wa unene mmoja. Sm 2.7 chini, sm 1.8 juu, na msingi utokeze pande zote mbili.

Sasa nyufa. Ardhi ilifunguliwa Februari 1853, mawe ya pembe yakawekwa tarehe 6 Aprili mwaka huohuo, chini ya msanifu Truman O. Angell. Msingi ulijengwa kwa jiwe la mchanga. Mwaka 1857 serikali ya Marekani ikatuma jeshi kuelekea Utah, eneo lilipo hekalu, na 1858 wenyeji wakaufukia msingi wote wakalima juu yake, uonekane shamba tu. Ulipokuja kufukuliwa, nyufa zikaonekana. Brigham Young, kiongozi wa kanisa, hakupenda alichokiona: kati ya mawe makubwa mafundi walikuwa wamepachika vijiwe na kujazia udongo wa kujengea. Sehemu mbovu zikaondolewa, kazi ikarudiwa kwa mawe yaliyochongwa yakakaa jiwe kwa jiwe.

Kwa hiyo kwa maoni yangu lawama kubwa iende kwa fundi kabla ya jiwe. Jiwe kubwa ukiliegemeza kwenye vijiwe viwili, kimoja kila mwisho, katikati pana udongo uliosinyaa, umeligeuza kuwa boriti. Jiwe linastahimili kugandamizwa, halistahimili kupindwa. Lazima lipasuke katikati, kwa chini.

MtiWaBoriti (Mikindani)
Nyongeza ndogo kwa Timazi. Ukuta wa juu ya msingi watu wote wanauita granaiti. Wanajiolojia wanasema ni kwazi monzonaiti, ndugu yake wa karibu. Ilitoka bonde la Little Cottonwood, kama km 32 kutoka mjini. Hawakulipua mwamba, walichukua mapande yaliyokwisha kuanguka bondeni, wakatoboa mstari wa matundu kwa mkono, wakagonga kabari moja baada ya nyingine mpaka pande likagawanyika lenyewe. Jiwe moja lilivutwa na jozi nne za maksai, kwenda na kurudi siku tatu hadi nne. Reli ilipofika machimboni 1873 ndipo kasi ikaonekana. Jiwe la mwisho la juu liliwekwa 6 Aprili 1892, hekalu likawekwa wakfu 6 Aprili 1893. Miaka 40 kamili, na ndani walimalizia kwa mwaka mmoja tu!

FundiShangani
Ahsanteni sana. Ila Timazi, hapo kwenye vijiwe umenichanganya. Nyumba za zamani za Mikindani ni vijiwe vitupu na chokaa, jiwe kubwa halimo, na bado zimesimama. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani nao ni hivyohivyo. Mbona hizo hazikupasuka?

Timazi (Lindi)
Swali zuri. Ubaya ni kuchanganya. Ukuta wa Mikindani ni vijiwe na chokaa mwanzo hadi mwisho, mzigo unasambaa kila mahali sawasawa kama uji kwenye sufuria. Chokaa nayo ni laini. Nyumba ikizama kidogo, inafuata. Ukiweka pande la tani moja na zaidi juu ya vijiwe, mzigo unatafuta sehemu ngumu mbili tatu na kuziumiza. Halafu angalia uzito: nyumba ya ghorofa moja si mnara wa mita 64.

Kilwa nako usidhani hakukuanguka kitu. Upanuzi wa msikiti wa mwanzoni mwa karne ya 14 uliporomoka sehemu, ukajengwa upya karne ya 15. Yale makuba na matao yaliyopo yana faida moja kubwa: yanaepuka boriti. Boriti ya mkoko inakupa chumba cha mita 2 na nusu hadi 3, basi.

Na kwa kuwa umeitaja Mikindani: anayekarabati kuta zile asipige lipu ya saruji. Saruji inafungia unyevu wa chumvi ndani, chumvi inaganda nyuma ya lipu, lipu inabanduka na uso wa jiwe. Chokaa moja kwa mchanga tatu, na uweke maji kila siku isikauke upesi kwa hili jua letu.

BintiNangurukuru (Kilwa)
Kaka FundiShangani, swali lako la mpira halijajibiwa. Si mpira. Mpira uko chini ya majengo mengine ya mji huohuo, kama lile la serikali ya jimbo. Chini ya hekalu kuna vikalio 98 vya chuma, kila kimoja karibu tani 8. Fikiria bakuli mbili za chuma, moja imefunikwa juu ya nyingine, katikati kuna kitelezi. Ardhi ikienda kushoto, bakuli la chini linakwenda nayo na jengo linabaki karibu palepale. Mtikisiko ukiisha, mpindo wa bakuli unalirudisha katikati.

Jinsi vikalio vilivyowekwa chini yake: hekalu lilifungwa mwishoni mwa Desemba 2019. Wakachimba kuzunguka jengo, wakasukuma mabomba ya chuma kwa jeki kupita chini ya msingi wa zamani, moja kando ya jingine, wakayajaza nondo na zege. Hapo jengo limepata mikono ya kulibeba. Kisha wakamwaga mihimili mipya ya zege, wakaweka vikalio, na mzigo ukahamishiwa hapo kidogokidogo. Ukihamisha upande mmoja kwa pupa, ukuta unapasuka tena, na safari hii ni futi 9 za jiwe. Kuta nazo zilitobolewa kutoka juu, zikapitishwa nyaya za chuma zilizokazwa, minara isitengane na mwili. Lazima pia pabaki nafasi tupu kuzunguka jengo. Ukiijaza zege, vikalio havina kazi.

Kwenye mfano, acheni ufa wa sm 1 na nusu pande zote za msingi. Ndio futi 5 zile jengo linazoruhusiwa kucheza.

MtiWaBoriti (Mikindani)
Na ile sanamu ya malaika Moroni juu ya mnara wa kati wa mashariki, kazi ya Cyrus Dallin, ni shaba iliyofuliwa na kupakwa dhahabu, futi 12 na nusu. Kwenu anakuja sm 3.8, anatazama mashariki. Tarumbeta yake ichongwe peke yake, ibandikwe mwisho wa kazi. Hata ile ya kweli ilidondoka kwenye tetemeko la 18 Machi 2020, kabla vikalio havijawekwa.