Naomba ushauri: baba pumzi inakatika usingizini, na moyo unakwenda ovyo

Assalamu alaykum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba. Baba, miaka 61, kapimwa umeme wa moyo, kaambiwa mapigo hayana mpangilio. Kapewa dawa ya kuzuia damu kuganda. Habari za usingizi hakuulizwa kabisa.

Anakoroma, kisha kimya. Juzi nilikaa ubavuni mwake nikihesabu: sekunde 25 hakuna pumzi, ndipo akashtuka kama mpiga mbizi anayeibuka. Nimeelewa kuwa pumzi ikikatika hivyo oksijeni hushuka, moyo huelemewa, na mapigo yanaweza kuvurugika tena hata akiwa kwenye dawa.

Je, Unguja wanapima usingizi, au tuvuke hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar? Na wenye mashine ya kusukuma hewa puani, umeme ukikatika usiku mnafanyaje? Nisaidieni jamani, siku hizi naogopa kulala.