Mtoto anaanza lini kujua kosa? Tupeane uzoefu wa watoto wanaoiba, wanaokana na wanaotushangaza kwa huruma

Baba Naima
Wakuu, habari za jioni. Leo hapa mtaani kwetu Mbagala tumeingia nyumba ya watu kuamulia. Mtoto wa darasa la kwanza kapigwa vibaya kwa sababu alikuwa anamsaidia mama yake kupanga kreti dukani, ikamponyoka, chupa zikavunjika. Mtoto huyo huyo aliwahi kudokoa soda akaambiwa tu "usirudie".

Nimekumbuka tuliyosoma chuoni. Mwanasaikolojia Jean Piaget aliwauliza watoto wa Uswisi nani ana kosa kubwa: aliyesukuma mlango bila kujua kuna kitu nyuma yake akavunja vikombe 15, au aliyevunja kimoja akidokoa jamu kabatini? Kitabu chake kilitoka 1932. Wadogo wengi walimtaja wa vikombe 15. Walipokua kidogo ndipo walianza kuangalia nia. Sasa mzazi mzima anapohesabu chupa na kusahau nia, mtoto ashike lipi? Wenzangu, kwa watoto wenu mliona lini dhamira imeingia?

Mkanyageni
Nia hailipi deni la soda. Mtoto ajue vitu vina gharama.

Mama Kulwa
Huruma inaanza mapema kuliko tunavyodhani. Wangu hata kusema hawajui vizuri, nikianika nguo kibanio kikianguka mmoja anakiokota ananiletea, na asipofikia mkono wangu analia. Sijamfundisha.

Kijana wa Kihesa
Kweli kabisa, Mama Kulwa. Watafiti Warneken na Tomasello waliliandika hilo 2006: watoto wa miezi 18 walimwokotea mtu mgeni kitu kilichomponyoka, na walimfungulia kabati alipokuwa amebeba mzigo, bila kuombwa wala kuahidiwa kitu.

Mwalimu wa Awali
Hayo ni ya watoto wa nyumbani. Anayesema fimbo haifundishi aje ashike darasa langu wiki moja. Samaki mkunje angali mbichi.

Kijana wa Kihesa
Mwalimu, kuna utafiti wa Talwar na Lee, 2011, Afrika Magharibi, shule mbili, moja ya viboko na nyingine haina. Mtoto wa miaka mitatu au minne anaambiwa asigeuke kutazama kitu cha kuchezea kilicho nyuma yake. Wengi waligeuka, shule zote mbili. Walipoulizwa, wale wa shule ya viboko ndio waliokana zaidi, na uongo wao ulikuwa umeshonwa vizuri. Fimbo iliwafundisha, ila iliwafundisha kukana.

Mwalimu wa Awali
Usinitolee karatasi. Mimi naishi na watoto.

Mama Kulwa
Na fimbo yenyewe shuleni ina utaratibu, mwalimu. Ni mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, viandikwe kwenye kitabu. Vyako viko kitabu gani?

BintiSingida
Nilikuwa nasoma tu, ila hili la kukana limenitoa machozi.

Nilikuwa dada wa kazi Tabata, bado binti mdogo. Mama mwenye nyumba alipokea zamu yake ya upatu, akaweka hela kwenye mkoba juu ya kabati. Asubuhi elfu arobaini haipo. Hakuniuliza. Alichukua begi langu akalimwaga uani, wapangaji wote wametoka wanatazama. Kanga zangu, nguo za ndani, picha ya marehemu baba, vyote kwenye maji ya sabuni.

Kijana wao wa miaka tisa alisimama mlangoni na chapati mkononi. Anatafuna, ananiangalia. Yule mtoto alinitisha kuliko mama yake, maana mama alikuwa na hasira na yeye hakuwa na chochote usoni.

Mdogo wake wa kike, miaka minne, niliyembeba mgongoni tangu ananyonya, akashuka ngazi akaanza kuokota. Nguo moja moja, anakung'uta, anarudisha kwenye begi. Mama akamfokea, hakuacha. Alipofika kwenye picha akaifuta kwa gauni lake, akasema, "Dada hajachukua. Kaka ana gemu chini ya godoro."

Baba mwenyewe ndiye aliyeinua godoro.

Mkanyageni
Duh. Pole sana dada. Mshahara walikupa?

Shangazi wa Pongwe
Mwanangu, pole. Huyo mama alikuomba radhi?

Baba Naima
Pole sana. Ila hapa ndipo penye mada yenyewe: tumbo moja, nyumba moja, chakula kimoja. Kwa nini huyu hivi na yule vile?

Mwalimu wa Awali
Mkubwa alidekezwa. Basi.

Nyar Oyugis
Kwetu Kenya jambo hili liliwahi kuchunguzwa, tena Oyugis penyewe. Mtafiti Carol Ember aliandika 1973 kuhusu wavulana wa Kijaluo. Nyumba isiyo na binti wa kutosha, mvulana alipewa kazi za wasichana: kulea mtoto, kuteka maji, kupika. Hao walikuwa wapole na wasaidizi kuliko wenzao, na kazi iliyoleta tofauti hasa ni ile ya ndani ya nyumba, kama kulea. Kaka yangu alilea sisi watatu. Hadi leo akisikia mtoto akilia matatuni anageuka kabla mama mtu hajageuka. Huyo wa Tabata aliwahi kupewa nani amlee?

Mkanyageni
Mvulana abebe mtoto mgongoni? Huku kwetu hapana.

Shangazi wa Pongwe
Ndiyo maana wanaume wa huko hawajui hata mtoto wao ana homa.

BintiSingida
Nyar Oyugis, umenigusa. Yule kijana hakuwahi kuosha hata kikombe chake, kila kitu "mwite dada". Shangazi, hakuomba radhi. Alinipa nauli na nusu mshahara, akasema yaishe. Kijana alichapwa mkanda mpaka akakojoa, lakini hakuna aliyemwambia aje aniangalie usoni aseme alichonifanyia. Hilo ndilo nililokuwa nalisubiri pale getini na begi langu.

Mkanyageni
Jamani, nisaidieni. Nimeinuka kusoma haya nikaenda kupekua. Elfu kumi ya mdogo wangu iliyopotea jana nimeikuta kwenye soksi ya mwanangu. Ana miaka minane, amelala. Nifanyeje?

Mwalimu wa Awali
Mwamshe. Viwili vya makalio, arudi kulala.

Kijana wa Kihesa
Usimuulize "umechukua?" wakati jibu unalo. Hapo unamtega akane. Mwambie umeiona.

Shangazi wa Pongwe
Mwache alale. Asubuhi mshike mkono, aende na hela hiyo kiganjani, ampe baba yake mdogo mwenyewe na aseme mwenyewe. Wewe simama nyuma, usimsemee hata neno.

Mkanyageni
Akilia?

Shangazi wa Pongwe
Alie. Msubiri amalize, halafu aseme.