Mjadala: Kompyuta ya gemu kwa laki tisa hapa Tanga, prosesa mpya ya bei nafuu au mtumba wa ofisini?

Mwana wa Chumbageni
Habari za jioni wakuu. Nina laki tisa mkononi, skrini ninayo tayari. Nataka mashine ya gemu ya nyumbani: Valorant, GTA V, na mpira wa kushindana na wadogo zangu. Nipo njia panda. Rafiki yangu anasema nianze na Ryzen 5 5600G mpya, nitumie grafiki ya ndani ya prosesa, kadi ya grafiki nitaongeza mbele ya safari. Muuza mtumba mmoja hapa mjini ananionesha Dell OptiPlex ya ofisini yenye Core i7-4790, na kila nikiuliza jibu lake ni "i7 ni i7". Nyie mngechukua ipi? Nipeni sababu, si ushabiki.

Kariakoo Mjini
Hapo wala usipoteze usingizi, chukua 5600G. Kori (vitengo vya kufanyia kazi) 6, nyuzi (kazi zinazokwenda kwa pamoja) 12, wati 65 tu, na picha inatoka bila kadi. Hiyo i7 ni ya 2014, inatumia RAM ya DDR3, ukitaka kuongeza kitu unakuta soko lilishahama zamani. Panda basi uje Kariakoo uchague mwenyewe. Ila ukishanunua ifungwe hukuhuku. Usirudi nayo haijafungwa kwa mafundi wa Tanga, huko prosesa bado zinapakwa dawa ya meno badala ya pasta ya kupitisha joto.

Fundi wa Ngamiani
Dawa ya meno nani kapaka? Taja jina la fundi na barabara yake. Ngamiani tunahesabika, barabara zenyewe zina namba, hatupotei.
Mashine zinazonijia zikiwa zinachemka, nyingi zimefungwa huko kwenu. Wiki hii nimefungua moja mbele ya mwenyewe: ile karatasi ya plastiki chini ya hitisinki, kile chuma cha kupozea prosesa, haijabanduliwa! Imeandikwa kabisa iondolewe kabla ya kufunga. Aliyefunga kala hela yake, akamwambia mteja kwamba gemu ndiyo inayochemsha prosesa. Nimebandua, nimefuta kwa spiriti, nimeweka pasta kiasi cha punje ya dengu, joto likashuka palepale. Sasa nani wa kuchekwa?

Sahare Pwani
Mpe, fundi. Tanga ni waja leo waondoka leo, ila mwenye kuja na dharau tunamuwahisha stendi.

Kariakoo Mjini
Mimi sijataja mtu. Nimesema ninachokiona. Mtu analeta mashine toka Tanga, nikifungua nakuta kitu cheupe kimekauka kama chokaa. Hiyo nayo ni pasta?

Fundi wa Ngamiani
Zipo pasta nyingi tu nyeupe, na zikizeeka zinakauka. Ungekuwa fundi kweli ungejua. Dawa ya meno yenyewe naieleza maana wapo watakaosoma hapa wakajaribu: siku za mwanzo inapoza kwa sababu ina maji. Maji yakiisha unabaki unga unaozuia joto lisitoke, prosesa inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue, halafu mtu anadhani kauziwa mbovu. Mimi siwezi kumfanyia mteja hivyo, na sitaki kusikia nimefanyiwa utani wa hivyo.

Mama Shufaa
Samahani kwa kuingilia. Mwanangu yuko kidato cha nne, anataka kompyuta ya kujisomea na kuandika kazi zake. Hizi mnazozitaja zinafaa au ni za gemu tu?

Binti Makorora
Kijana kauliza prosesa, nyie mko kwenye mswaki.

Kwanza, "i7 ni i7" ni maneno ya kuuzia. Umri unauona kwenye namba inayofuata. 4790 ni kizazi cha nne, kori 4. Core i5-8500 ni kizazi cha nane, ya 2018, ina kori 6 kamili, na kwenye gemu nyingi inaipita hiyo i7 japo cheo chake kidogo.

Pili, na hili ndilo kubwa: Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane na inataka TPM 2.0, kitengo cha usalama ndani ya mashine. Wapo wanaoiingiza kwa ujanja kwenye mashine za kizazi cha nne, na inawaka. Lakini Valorant ikiwa juu ya Windows 11 inakagua TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka), ikizikosa haikuruhusu kucheza. Yaani gemu ya kwanza kwenye orodha yako ndiyo itakayokugomea, na muuza mtumba hakukwambia.

5600G ni prosesa nzuri, siibezi. Valorant inakwenda vizuri, GTA V ukishusha ubora inachezeka. Ila grafiki yake haina kumbukumbu yake yenyewe, inakula RAM ya mashine. Ukifunga kijiti kimoja cha GB 16 umeinyima njia. Weka viwili vya GB 8, kasi inapanda waziwazi kwenye mashine ileile. Na siku ukinunua kadi, ujue 5600G ina keshe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 16 tu, wakati Ryzen 5 5600 isiyo na hiyo G ina MB 32, na gemu zinaisikia tofauti hiyo.

Sasa piga hesabu: prosesa, mazabodi (bodi kubwa inayobeba vyote), RAM ambayo tangu mwishoni mwa 2025 imepanda bei dunia nzima kwa sababu mitambo ya akili mnemba inazoa kila kitu, SSD, pawa saplai, kesi. Laki tisa inaisha kadi hujaiona kwa macho. Mtumba unakuja na RAM yake ndani. Ningekuwa wewe ningechukua mtumba, lakini wa kizazi cha nane kwenda juu, na chote kinachobaki kiende kwenye kadi. Kwenye gemu kadi ndiyo inayobeba.

Kariakoo Mjini
Dada, hayo ni ya kwenye makaratasi. Intel zote za siku hizi zinaungua, si ilitangazwa juzijuzi watu wakarudishiwa? Mpe kijana AMD, wenye hiyo Ryzen, alale salama. Kwenye soketi yao ya AM4 anaweza kupandisha prosesa bila kubadili mazabodi.

Binti Makorora
Zilizosumbua ni kizazi cha 13 na cha 14, habari za 2024. Volti ilikuwa inapanda kupita kiasi, Intel wakatoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Kizazi cha 12 hakimo, cha nane ndiyo kabisa. La AM4 ni kweli: soketi ya tangu 2016, na leo unaweza kuanzia 5600G ukafika 5700X3D palepale. Kama angekuwa na milioni moja na nusu ningemwambia hivyohivyo.
Lakini hilo la "dada, ya kwenye makaratasi" ulikome. Sahare Pwani kaandika sentensi mbili za stendi hukumwambia kitu. Mimi nimetaja keshe na TPM ndipo nimegeuka mtu wa makaratasi. Ofisini kwetu mashine zikifa ni mimi ninayezifungua.

Sahare Pwani
Kaanza na mafundi, sasa kahamia kwa dada zetu. Huyu kaja kutafuta nini Tanga?

Kariakoo Mjini
Kumwita mtu dada siku hizi ni tusi? Mama yangu mzazi ni wa Pangani, nimelelewa na adabu. Nimebisha hoja, sikumbisha mtu. Watu wa Tanga mnasifiwa upole lakini mkiguswa kidogo mnawaka wote kwa pamoja.

Mzee wa Mkonge
Wanangu, nimewasoma wote. Mnachagua prosesa, hakuna anayeuliza hizo mashine zinatoka wapi na zinakwenda wapi. Ofisi za Ulaya zikizichoka zinapakiwa kwenye makontena zinaletwa kwetu, zinasogeza siku, kisha zinaishia jaani. Kuna Mkataba wa Bamako wa 1991, nchi za Afrika zilikubaliana kutopokea taka hatari za wenzetu. Leo kijana anashauriwa kuzinunua na anaambiwa ni ujanja. Nasema anunue kipya, hata kama kidogo.

Fundi wa Ngamiani
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, mashine inayowaka si taka. Nikiletewa iliyokufa nanyofoa RAM, feni, diski, namponyesha mtu mwingine ambaye hana hela ya kipya. Hata hicho kipya kitazeeka hapahapa Tanga, mzee, hakirudi kiwandani.

Mzee wa Mkonge
Marahaba fundi. Nakuuliza bila ugomvi: ukishanyofoa vyote vinavyofaa, mabodi yaliyobaki unayapeleka wapi?

Fundi wa Ngamiani
Kesi na hitisinki wanachukua wa vyuma chakavu. Mabodi hayana mnunuzi. Yako kwenye viroba nyuma ya duka. Siyachomi, maana moshi wake ni sumu na kuna watoto wanacheza pale.

Mzee wa Mkonge
Hivyo viroba ndivyo ninavyovisema. Wewe una huruma na watoto wa jirani hukuvichoma. Mwingine anachoma. Mizani ya bei nafuu mnaipima dukani tu, upande wa pili hamuuoni.

Binti Makorora
Mzee, hoja yako ni nzito na mimi niko nawe: halmashauri ingetenga mahali pa kupokelea mabodi, wala haihitaji jengo. Lakini usimbebeshe mtu mwenye laki tisa mzigo wa mji mzima. Mashine ya 2018 ikitumika miaka mitano zaidi, hiyo ni mitano ambayo haijaingia kwenye kiroba.

Mzee wa Mkonge
Kila mtu akisema asibebeshwe, viroba vinaongezeka. Nimemaliza.

Mwana wa Chumbageni
Wakuu jamani nipo. Muuza mtumba kanibadilishia, sasa ananipa OptiPlex 3060, i5-8500, kesi nyembamba ya kulaza, RAM GB 8. Na kuna mtu anauza kadi ya RX 6500 XT kwa bei ya kuridhisha. Nizioanishe?

Fundi wa Ngamiani
Usifanye hivyo. Kesi hiyo nyembamba inapokea kadi fupi tu. Pawa saplai yake ni wati 200, na haina waya wa kulishia kadi. RX 6500 XT inataka waya wake. Usidhani utakwenda kununua pawa saplai ya kawaida uibadilishe, soketi za Dell haziingiliani na za kawaida. Mwambie akutafutie ya kusimama, ina nafasi.

Binti Makorora
Na hata ukiipata ya kusimama, 6500 XT iache. Imetengenezwa na njia 4 tu za PCIe, zile za kupitishia data kati ya kadi na mazabodi, ikitegemea mazabodi iwe ya PCIe 4.0. Hiyo Dell ni ya 3.0, na kumbukumbu ya kadi ikiwa GB 4 tu, gemu ikiijaza inaanza kukwamakwama. Tafuta GTX 1650 au hata GTX 1050 Ti isiyo na tundu la waya wa ziada. Hizo zinaishi kwa wati 75 zinazotoka kwenye soketi yenyewe. Kwa kesi nyembamba zipo fupi zake pia, muulize muuzaji akupimie kimo.

Kariakoo Mjini
1050 Ti za mtumba nyingi ni feki. Hilo hamsemi.

Binti Makorora
Zipo feki, kweli. Wanachukua kadi za zamani sana, wanabadilisha maandishi ya ndani, Windows inasoma jina kubwa. Mwana wa Chumbageni, nenda na programu ya GPU-Z kwenye flashi. Ni ya bure. Ifungue kabla hujatoa hela. Kadi ya kughushi inaandikwa FAKE mbele ya jina. Kisha cheza gemu dukani kwa muda wa kutosha, feni izunguke, uone kama picha inatapakaa madoa. Muuzaji akikataa kukuwashia, ondoka.

Kariakoo Mjini
Sasa hapo ndipo tungeanzia. Lakini bado nasema ungemngoja ajichange anunue AM4.

Sahare Pwani
Ajichange mpaka lini? RAM inapanda, wewe unamwambia angoje. Kama una haraka ya kuuza huko kwako sema tujue.

Kariakoo Mjini
Mimi siuzi kompyuta, nauza vipuri vya pikipiki. Usinipakazie.

Sahare Pwani
Muuza vipuri vya pikipiki ndiye aliyekuja kuwafundisha mafundi wetu pasta!

Fundi wa Ngamiani
Mwacheni sasa, nimeshamjibu. Mama Shufaa, swali lako limepitwa na wote, tusamehe. Hiyohiyo i5-8500 bila kadi yoyote inamtosha kijana wako kwa kusoma, kuandika na kutazama masomo ya video, maana Intel hiyo ina grafiki ndani. Angalia mambo mawili: iwe na SSD badala ya diski ya kuzunguka, na RAM isipungue GB 8. Chukua ile ya kulaza, haili umeme mwingi wala nafasi. Na kama unakaa Raskazone au kokote karibu na bahari, usiiweke dirishani. Hewa ya chumvi inakula meno ya RAM, mashine inagoma kuwaka, mtu anakwambia mazabodi imekufa ununue nyingine. Ikikugomea, kabla hujampa mtu hela ya mazabodi, mwambie achomoe RAM aisafishe meno kwa raba ya penseli airudishe.