Vidonge vya haidroksiapataiti na grafini vinatoka tanuruni vikiwa vyeupe

MwanaSeramiki: Habari zenu wakuu. Natengeneza vidonge vya haidroksiapataiti, yaani madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyo kwenye mifupa. Unga ni wa mifupa ya ng'ombe kutoka machinjio ya Dagoretti, Nairobi, iliyotolewa mafuta na kuchomwa 900°C. Nimeongeza oksidi ya grafini (karatasi nyembamba mno za kaboni) 1% kwa uzito. Vidonge vinaingia vyeusi, saa 2 kwenye 1,200°C vinatoka vyeupe pe, na havina nguvu kushinda visivyo na grafini. Tanuru ni la hewa.

FundiTanuru: Weupe huo ndio jibu: grafini imeungua yote. Kwenye hewa haivuki 600°C hivi, na ilipokuwa panabaki vitundu tu. Tumia tanuru la mrija na gesi ya agoni, ile ya kuchomelea alumini. Wauzaji wa gesi wa Industrial Area wanayo, ila usafi usipungue 99.99%. Ipitishe kabla ya kuwasha, na usiifunge mpaka joto lishuke chini ya 200°C. Wengi huharibikiwa hapo, wanafungua mapema kwa haraka ya kuona kidonge.

Shusha joto pia, anza na 1,100°C. Agoni kavu huondoa hidroksili (oksijeni na hidrojeni zilizo ndani ya fuwele), na haidroksiapataiti huvunjika kuwa trikalsiamu fosfeti. Kwenye kipimo cha fuwele kwa eksirei ya shaba, kilele kikijitokeza 31.0° kando ya kile cha 31.8°, imeanza kuvunjika.

Mama Unga: Hata agoni haitaokoa mchanganyiko mbaya. Hiyo 1% ipunguze kwanza: kwa unga gramu 20 weka oksidi gramu 0.1 ndani ya maji safi yasiyo na ioni, mililita 100. Altrasaundi dakika 45, chombo kikiwa kwenye barafu. Kisha amonia hadi pH 10, ndipo unga uingie kidogo kidogo. Ukianza na unga, ioni za kalsiamu zitazifunga karatasi za grafini kuwa mabonge, na kidonge hupasukia kwenye bonge. Kausha kwa kugandisha. Ovenini karatasi hurudi kushikamana.

MwanaSeramiki: Asanteni sana. Kwa kupima kama kidonge kinadhuru seli, MTT (kipimo cha rangi cha seli hai) inatosha?

SeliHai: Peke yake hapana. Grafini hubadilisha rangi ya MTT hata pasipo seli, kwa hiyo zambarau inaweza kukudanganya. Weka visima vya kidonge bila seli, au tumia WST-8, kipimo kingine cha rangi, na uhamishie kimiminika kisima kingine kabla ya kusoma, maana kidonge cheusi hunyonya mwanga. Hata ukifaulu ISO 10993-5 (kiwango cha kupima sumu kwa seli), chembe zinazomeguka kidonge kikisuguliwa zipime kivyake.